Nilivyokwenda Kuwa Ukoo wa Hamza

Tangu nirudi, kila anayekuja kuchukua nguo yake anataka kipande cha habari hii. Mmoja nimempa nguruwe, mwingine nimempa meli, mwingine mahakama, na sasa vipande hivyo vinazunguka Yeoville, mtaa wetu hapa Johannesburg, vikiwa vimeungwa kila mtu anavyotaka. Jumamosi nimeambiwa eti mdogo wangu ameozeshwa kwa nguvu na mimi nimebadili dini. Basi naisimulia yote hapa, toka nilipofunga mlango mpaka nilipoufungua tena. Mambo ya viza na tiketi nayaruka. Aliyewahi kupanga foleni hizo hahitaji kukumbushwa.

Bellevue

Kwa msionijua vizuri: mimi ni Zubeda, fundi cherehani, mtu wa Tanga. Nimepanga chumba cha mbele katika nyumba moja kuukuu ya Bellevue, jirani na Yeoville, sebule yake sasa ni vyumba vitatu. Mume wangu alifariki, ninaishi na binti yangu Salma. Hamza ni mdogo wangu, wa mwisho kwa mama. Alikuwa baharia, na meli yake ilipofika Vanuatu, nchi ya visiwa vidogo vilivyotawanyika mashariki ya Australia, alishuka, akapapenda, akabaki. Kwa miaka mingi aliendesha pikapu katika kisiwa kiitwacho Pentekoste, akibeba abiria na magunia.

Ilikuwa mwaka 2018, baridi ya Joburg imeshika, nami napiga pasi suti ya harusi ya watu, simu ikalia.

"Dada," Hamza alisema, "gari limepinduka. Nimeua mtu."

Niliweka pasi chini. Alinieleza polepole. Kwenye mteremko wa mlima breki zilikataa, pikapu ikaingia bondeni. Abiria wengine walivunjika mikono na mbavu. Mmoja, mwanamke aitwaye Rosina, mama wa watoto watatu, alifia papo hapo.

"Sasa nina kesi mbili," aliendelea. "Moja ya serikali. Hiyo nimepewa dhamana na nina wakili. Nyingine ya mila, wao wanaita kastom, na huko wakili hana kazi. Ukoo wangu unatakiwa usimame mbele ya ukoo wa marehemu, uombe radhi. Mtu hajiombei mwenyewe. Na mimi hapa sina ukoo, dada. Nimewaambia nina dada Afrika Kusini. Wamesema, basi wanamsubiri."

Nilimpigia mama Tanga. Mama hawezi safari, miguu imevimba. Alilia, kisha akasema maneno machache tu: "Nenda kaniletee mwanangu." Nikamwahidi.

Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu anayesuka nywele chumba cha pili, aliposikia alikuja na chanuo bado mkononi. "Mama Salma, ile inchi iko wapi? Ndege inafikaka kule? Na weye mwanamuke peke yako utaenda simama mbele ya wanaume ya watu, useme nini?"

Nikamwambia sijui nitasema nini.

"Eish," alisema. "Basi enda. Salma atalala kwangu." Salma naye akanikumbatia, akaniambia kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu, kwamba anataka kumwona mjomba wake kabla hajamaliza shule. Wote walikuwa wameshanitwika mzigo mmoja: rudi naye.

Sydney

Ndege ilichelewa kuondoka Johannesburg, na nilipofika Sydney ile ya kuunganisha ilikuwa imekwenda. Ikabidi nitoke nje nikalale mjini, na kutoka nje maana yake ni kupita kwa watu wa ukaguzi wa vyakula. Nilikuwa nimembebea Hamza dagaa wa Kigoma, achari ya ndimu na kashata. Kijana wa ukaguzi alifungua dagaa, akavuta pumzi, akanitazama kwa huruma, akavitupa vyote kwenye pipa. Nilimwomba anibakizie hata kashata. Alisema sheria ni sheria, kwa upole kabisa, kama mtu anayekuaga.

Kesho yake kwenye foleni ya ndege ya Port Vila, mji mkuu wa Vanuatu, nyuma yangu alisimama mwanamume mnene aliyevaa makoti mawili. Jina lake Josef. Alikuwa akirudi kwao baada ya msimu wa kuchuma matofaa Australia, na makoti alikuwa akiyavaa ili mizigo isizidi uzito. Ndege ikacheleweshwa tena, tukakaa sakafuni, akanigawia mkate na samaki wa kopo. Nilimweleza ninakokwenda na kwa nini.

"Una nguruwe?" aliuliza.

"Mimi Mwislamu."

Alicheka mpaka koti la juu likafunguka. "Mama, hata Mwislamu atahitaji nguruwe."

Nilimwuliza kwa nini nchi yenye mahakama na majaji ihangaike na nguruwe. Alifuta mikono, akafikiri.

"Polisi wakimfunga jirani yangu, atakaa ndani, kisha atarudi. Tunaishi kisiwa kimoja, tunapita njia moja, watoto wetu wako darasa moja. Jela haijaniambia chochote, na yeye hajaniambia chochote. Tutaishije? Kwa hiyo tunakaa, tunasema, tunapeana. Baada ya hapo naweza kupita mbele ya nyumba yake."

"Basi ni nzuri kuliko mahakama."

"Sikusema hivyo," alisema, na sasa hakuwa anacheka. "Dada yangu alikuwa anapigwa na mumewe. Mara mbili wazee walikaa, wakapeana mikeka, wakamrudisha kwa mume. Mara ya tatu alikwenda polisi. Wazee walikasirika. Mimi ndiye niliyempeleka."

Kwenye ndege aliketi mbali nami, na Port Vila tuliachana. Lakini maneno yake ya pili nilikuwa nayo muda mrefu kuliko ya kwanza.

Luganville

Hamza alinipokea Luganville, mji wa kisiwa cha Santo, ambako mahakama ilimtaka abaki. Ndevu zimeota ovyo, mashati yanamning'inia. Aliponishika mkono hakuuachia mpaka tulipofika chumbani kwake.

Tulitakiwa kuruka kwenda Pentekoste siku iliyofuata. Lakini volkano ya kisiwa cha jirani ilikuwa ikitema majivu, na ndege ndogo zilizuiwa. Tukangoja. Mjini walijaa watu wa kisiwa hicho waliohamishwa, familia nzima zimekaa juu ya magodoro madarasani. Mwanamke mmoja niliyekaa naye sokoni aliniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Johannesburg, lakini kwetu ni Tanzania. Akauliza kwetu kuliharibika nini hata nikahama. Nikasema hakuna kilichoharibika, tulitafuta maisha. Alinisikitikia. Kuondoka nyumbani bila kufukuzwa na mlima hakukumwingia akilini.

Wakili wa Hamza alikuwa binti mdogo mwenye miwani, anaongea haraka. Alituweka chini ofisini kwake.

"Jaji atauliza kama mila imefanyika. Sheria yetu inamruhusu kupunguza adhabu kama mmesuluhishwa. Kwa hiyo nendeni, toeni nguruwe na mikeka, semeni poleni, rudini. Lakini mama, nisikilize. Sajenti wa polisi atakwenda nanyi. Hamza amekana kosa, utetezi wetu ni breki. Gari lilisagika bondeni, hakuna fundi anayeweza kuthibitisha vinginevyo. Kule mwambie asieleze ajali ilivyotokea. Aombe radhi tu."

Tulipotoka nilimwona Hamza anatembea ukutani kabisa, kama anayetaka ukuta umfiche. Tulikaa kwenye benchi ng'ambo ya soko. Nilinunua laplap, chakula chao kikubwa: viazi vikuu vilivyokunwa, vikamiminiwa tui la nazi, vikafungwa kwa majani na kuivishwa kwa mawe ya moto. Ni kizito, kinashibisha haraka. Hamza hakugusa.

"Dada, breki zilikuwa nzima," alisema.

Nikaacha kutafuna.

Siku ile ya ajali alikuwa ametoka kunywa kava. Kava ni mzizi, wanauponda na kuukamua kwa maji. Haikufanyi upige kelele kama pombe, inalegeza miguu na kutia ganzi mdomo, na akili inakwenda taratibu. Alikuwa amekunywa, abiria wakaja wanataka kuwahi, akawasha gari. Polisi walipomwuliza, neno breki lilimtoka lenyewe, na likishatoka, akalishikilia.

Nilitaka kumpiga. Pia nilitaka kumfunika kwa kanga yangu kama alipokuwa mdogo. Sikufanya lolote. Niliikunja ile laplap kwenye majani yake, na majivu membamba yakawa yanatua mapajani mwetu.

Melini

Ndege zikaendelea kukwama, tukapanda meli ya mizigo. Kulikuwa na mabati, mifuko ya mchele, mbuzi wawili, na sajenti. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mpole, ambaye alinitafutia kivuli na kunipa nafasi ya kuegemea. Nilitapika njia nzima. Yeye ndiye aliyenishikia ndoo.

Nilipopata nafuu nilimwuliza kama anawafahamu watu wa marehemu.

"Rosina ni mtoto wa dada yangu," alisema. "Mimi ni mjomba wake."

Kwao, nilikuja kuelewa, mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ni mtu mkubwa kuliko baba. Nikamwuliza inakuwaje basi serikali imtume yeye kumsindikiza aliyemuua mpwa wake.

"Polisi tuko wachache," alijibu. "Na kila mtu ni mjomba wa mtu."

Pentekoste

Hamza alichukuliwa upande wa wanaume, mimi nikapokewa na wanawake. Mkubwa wao, Mama Jenet, alinipa nazi ya kunywa, akaniketisha, akaniuliza kwa Kiingereza cha shule, isipokuwa neno moja ambalo alilitamka sawasawa kama sisi:

"Umekuja na bwana?"

Nilidhani Hamza amewafundisha Kiswahili. Nilijibu kwa heshima kwamba bwana wangu alifariki.

Alishtuka. "Wote?"

"Nilikuwa naye mmoja tu."

"Mmoja hatoshi," alisema, na wanawake wengine wakatikisa vichwa. "Unahitaji angalau kumi. Lakini usijali, sisi tutakuazima."

Mpaka leo sijui uso wangu ulikuwaje. Waliniingiza ndani wakanionyesha: mikeka mipana iliyosukwa kwa majani ya mkadi, imetiwa rangi nyekundu, na kingo zenye mapindo yanayoning'inia. Mkeka huo kwa lugha yao ndio bwana. Nilicheka hadi machozi, nikawaeleza bwana kwetu ni nani, nao wakacheka kuliko mimi, na Mama Jenet akaupiga mkeka mmoja kofi akiuambia aamke akachanje kuni. Kisha kicheko kikaisha, tukakumbuka kilichonileta. Wanawake wale walinifundisha namna ya kuubeba mkeka kichwani, wapi pa kusimama, na jinsi ya kuinamisha mwili ninapopita mbele ya watu. Walikuwa wamekubali kunikopesha mikeka kwa ajili ya mtu aliyemuua mwenzao. Nilimwuliza Mama Jenet kwa nini.

"Usipokuwa na kitu cha kuweka chini, hatuwezi kuanza," alisema. "Na sisi tumechoka kungoja kuanza."

Jioni alikuja Silas, kaka wa marehemu. Mrefu, mkimya, anaongea Kiingereza kizuri. Hakuketi.

"Nina swali kabla ya kesho," alisema. "Wakili wenu alimpigia chifu, akauliza lini mila itakamilika ili amwambie jaji. Kwa hiyo nataka kujua. Umetoka Afrika kwa ajili yetu au kwa ajili ya jaji? Kama ni kwa ajili ya jaji, nguruwe wapelekeni kwa jaji."

Ningeweza kumjibu vizuri. Lakini alikuwa na macho ya mtu asiyelala, nikamwambia lililokuwa kweli. "Nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu. Sikukujua wewe. Sikumjua Rosina. Leo ndiyo nimeona watoto wake."

Alitikisa kichwa taratibu. "Hilo naliamini," alisema, akaondoka.

Siku ya pili tulikusanyika kwenye uwanja wa mikutano. Ukoo wa Rosina ulijaa upande mmoja, upande wa pili tukasimama mimi na Hamza, na mbele yetu mikeka ya kuazima. Nguruwe walitolewa na rafiki zake Hamza, meno yamejipinda kwa uzee. Chifu, mzee mfupi aliyevaa fulana ya mpira, alinikabidhi kamba ya yule mkubwa. Nilisita. Mkononi mwangu nguruwe, mimi binti wa mwalimu wa madrasa! Nikajiambia sijaambiwa nimle, nimeambiwa nimshike. Nikaishika kamba.

Niliongea Kiingereza, chifu akawatafsiria. Nilisema jina langu na la baba yangu na la mji wetu. Nilisema mama yetu ni mzee na angeweza angekuja kwa miguu. Nilisema hatuna cha kulingana na Rosina, na tulivyoweka hapo si bei yake. Nikaishia hapo.

Silas akatoka mbele.

"Nimemsikia dada," alisema. "Sasa nina swali, na si kwa dada. Hamza, breki zilikuwaje?"

Sajenti alikuwa ameketi chini ya mshelisheli pembeni, amevaa sare, kofia ameiweka gotini. Nilimwona akainua macho.

Hamza hakumjibu Silas. Alinigeukia mimi, akaniuliza kwa Kiswahili, "Dada, nisemeje?"

Katika uwanja ule hakuna aliyejua Kiswahili ila sisi wawili. Ningeweza kumwambia nyamaza, shikilia breki, na wangedhani ninamfariji. Nilimwona wakili na miwani yake. Nilimsikia mama. Kisha nikamtazama yule mrefu aliyesimama jua kali anangoja habari za dada yake, nikaona kwamba ukiondoa bahari, mimi na yeye tulikuwa kwenye kazi moja.

"Ungekuwa wewe uliye kaburini," nilimwambia, "na mimi ndiye niliyesimama pale, ningetaka nijue. Sema, Hamza. Sema yote."

"Nitafungwa."

"Utafungwa. Sema."

Akasema, kwa lugha yao ya Bislama, na chifu akawa ananitafsiria sikioni. Breki zilikuwa nzima. Alikuwa amekunywa kava. Aliendesha kwa kasi. "Rosina aliniambia nipunguze mwendo," alisema. "Aliniambia mara mbili. Mimi nilicheka."

Kilio kilipanda upande wa pili, kikali, kama kwamba amekufa muda ule. Mama yake Rosina aliinama mpaka paji la uso likagusa mchanga. Silas aligeuka akaondoka uwanjani. Nikajua nimemuua mdogo wangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Hatukusogea. Jua likasogea. Kamba ya nguruwe ilinikata kiganja, sikuthubutu kubadili mkono. Baada ya muda mrefu Silas alirudi, macho mekundu, uso umelowa maji. Alikuja moja kwa moja mpaka kwangu, akaichukua ile kamba.

"Nilijua," aliniambia kwa sauti ndogo. "Dada yangu hapandi gari bila kumsema dereva. Nilitaka tu nisikie kwamba alimsema."

Wanawake wa upande wao wakaja kuikunja mikeka, mmoja mmoja, na hapo ndipo nilipojua imepokelewa. Chifu akatamka neno la mwisho: shamba la Rosina litalimwa na Hamza. Viazi, kava, vyote. Atawalisha watoto wale watatu na kuwasomesha mpaka yule wa mwisho awe mtu mzima. Atakaa hapo hapo kijijini, watu wamwone. Hamza akasema amekubali kabla chifu hajamaliza.

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema mama anamngoja, tumekuja kumchukua. Nikaufunga.

Sajenti alisimama, akavaa kofia. "Nimesikia nikiwa mjomba," alisema mbele ya wote, "na mjomba amepokea. Lakini nimesikia nikiwa polisi pia. Tukifika Santo itabidi niandike."

Nilitegemea watu wakasirike. Chifu alitikisa mkono tu. "Andika. Sisi letu limekwisha."

Walipika. Mama yake Rosina aliniletea sahani yangu mwenyewe: samaki, mboga na ndizi, imefunikwa kwa jani. "Hii haikukaa na nguruwe," alisema Mama Jenet akimtafsiria. "Ameipika kwenye moto mwingine." Nilikula yote.

Luganville tena

Wakili alipotusikia alivua miwani, akafumba macho. Hamza alibadili jibu lake mahakamani, akakiri kosa.

Silas alivuka na meli, akasimama mbele ya jaji kwa shati lililopigwa pasi. Alisema ukoo wake umepokea, hakuna kisasi, na wanamhitaji Hamza shambani kwa sababu watoto wanakula kila siku. Aliomba arudishwe kijijini.

Jaji alikuwa mtu wa hapo hapo visiwani, si mgeni. Alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema anaiheshimu mila hiyo, na yeye mwenyewe amekulia ndani yake. "Mmemaliza lililokuwa kati ya ukoo na ukoo," alisema. "Lakini barabara ile wanapita watu wa koo zote, na dereva wa kesho naye anasikiliza hapa." Akampa mwaka mmoja na nusu. Alisema bila suluhu, na bila kukiri, kifungo kingekuwa zaidi ya hapo.

Nje nilimkuta Silas amekunja ngumi. "Wamemfunga kwa maneno aliyotupa sisi," alisema. "Tulimwomba ukweli, serikali ikauokota." Sajenti alikuwa karibu, akasikia. Nami sikujua nani ana haki. Bado sijui. Nikimfikiria yule dada wa Josef nashukuru kuna mahali nje ya kijiji mtu anaweza kwenda. Nikimfikiria Hamza na uwanja ule, naona jela haiwezi kumpa hata robo ya alichopata pale.

Nilimuaga gerezani siku ya kuondoka. Alikuwa amenyoa ndevu. Alionekana mtu aliyepata usingizi.

"Dada, uhamiaji wanaweza kunifukuza nikitoka," alisema. "Chifu amesema ataenda kuwaona mwenyewe. Lakini hata wakinipa kuchagua, mimi narudi kijijini. Mwambie mama."

"Mwambie wewe."

"Siwezi."

Bellevue tena

Nilifika asubuhi. Mama Furaha alikuwa amewasha hita na kupika fufu, ugali wa kwao, na samaki, akanitazama mlangoni, kisha akatazama nyuma yangu. Salma naye aliangalia nyuma yangu, kisha akachukua begi. Nililala kutwa.

Simu ya Tanga niliiahirisha mpaka nikaona aibu. Nilipopiga, mama alipokea mara moja, maana alikuwa ameishikilia.

"Mmefika?"

"Nimefika mimi, mama."

Nilimweleza yote, bila kumficha kava wala kicheko. Nilimweleza gereza. Kisha nikamweleza shamba, kwamba hata akitoka haji, kwamba amekubali mbele za watu, na kwamba mimi nilikuwepo nikanyamaza. Nikamwambia kama kuna wa kulaumiwa ni mimi niliyemwambia aseme.

Nilisikia redio ya jirani yake, nikasikia mtu akifagia uani. Nikangoja anilaani.

"Huyo mtoto wa mwisho wa marehemu," aliuliza, "ana umri gani?"

"Miaka minne, mama. Wa kike."

"Anaitwa nani?"

Nilimtajia. Alilirudia jina lile polepole, akalikosea, nikamsahihisha, akalirudia tena mpaka likamkaa mdomoni.

"Basi mwache amlee," alisema.